Mhariri, hata anayekanyaga cherehani anasikiliza

Mhariri,

Nipe nafasi nimjibu mwandishi wenu wa safu ya muziki, aliyeandika Jumamosi iliyopita kuhusu jazi ya Kimarekani. Gazeti lenyewe lilinifikia Jumatatu, mteja akiwa amefungia ndani yake kitambaa cha suti, kwa hivyo makala niliianza katikati, nikarudi mwanzo baada ya kuunyoosha ukurasa kwa pasi. Mwandishi anasema albamu ya mpiga tarumbeta Miles Davis iitwayo Kind of Blue si ya kusikilizwa na mtu aliye kazini. Mtu aketi, azime simu, afumbe macho, na kabla ya hayo yote awe anajua maana ya "modali". Asiyefanya hivyo, anasema, anaisikia tu, haisikilizi.

Hapo nilitoa pini mdomoni.

Mimi ni fundi wa nguo. Nina cherehani ya kukanyaga kwenye veranda moja karibu na soko la Kibuye hapa Kisumu, na albamu hiyo imepita masikioni mwangu mara nyingi kuliko jina langu mwenyewe. Sijawahi kuikalia kitini, isipokuwa kiti cha cherehani, ambacho hakina hata egemeo. Naomba nieleze ilivyokuwa.

Mwezi wa Aprili mwaka 2019 nilinunua redio ya mtumba Kibuye, siku ya Jumapili, wakati soko linapofurika hadi huwezi kujua bidhaa zinaishia wapi na barabara inaanzia wapi. Ilikuwa redio pana ya rangi ya fedha, ina sehemu ya kanda na sehemu ya CD. Muuzaji alitaka shilingi 1,500, nikamtajia 800, akakubali papo hapo. Muuzaji wa Kibuye akikubali papo hapo, mwenye akili huondoka. Mimi nililipa. Nilipofika kwenye veranda nikakuta antena imekatika, sehemu ya kanda imekufa, na mdomo wa CD haufunguki. Niliubonyeza, nikaugonga, nikaubembeleza kwa ncha ya mkasi. Haukufunguka. Lakini ndani mlikuwa na CD. Mwenyewe wa zamani, popote alipo, aliisahau humo, na nilipobonyeza kitufe ikaanza kuzunguka na kupiga.

Basi hiyo ndiyo ikawa redio yangu. Nikitafuta kituo napata mkwaruzo na mwanasiasa anayekatika katikati ya kila sentensi, jambo ambalo pengine lilikuwa afadhali. Nikitaka muziki, ni nyimbo tano zisizo na mwimbaji, kama dakika 45 hivi, halafu kimya. Sikuwa na jalada wala karatasi ya kunieleza ni nani hao.

Sitadanganya: wiki ya kwanza sikuzipenda. Nimekulia Emuhaya, na tarumbeta kwetu ni ya Jeshi la Wokovu, inapulizwa hivi kwamba hata mlevi aliyelala mtaroni atambue leo ni Jumapili. Huyu wa kwenye redio alipuliza kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Nikadhani hata spika zimekufa. Lakini mwezi wa Mei nilipata oda ya sketi 60 za shule, za marinda, na marinda ni hesabu. Ukipoteza moja, kiuno kinakataa kuingia kwenye mshipi na unafumua yote. Nyimbo za maneno huniharibia hesabu, maana naimba, na nikiimba nasahau kama hili ni rinda la nane au la tisa. Hawa hawakuwa na maneno. Wakaniachia kichwa, wakachukua masikio peke yake. Kufikia sketi ya ishirini nilikuwa najua nani anaingia baada ya nani.

Kwa kuwa nyimbo hazikuwa na majina, nilizipa mimi.

Ya kwanza niliiita Pole. Inaanza kwa piano na besi zikinong'ona bila haraka, kama wageni wanaoingia chumba cha mgonjwa wakitafuta pa kukaa. Kisha besi, lile zeze lililomzidi mpigaji urefu, inaanza kusimulia. Inasema sentensi ndefu, inanyamaza, na inajibiwa kwa sauti mbili tu. Sentensi nyingine, sauti mbili. Mwanzoni anayejibu ni piano peke yake, halafu tarumbeta na saksafoni zinajiunga, kama majirani wanavyojazana mlangoni. Mimi nilisikia wazi kabisa: "Po-le." Ni kama kumtembelea mama mkwe. Anaeleza mgongo ulivyomkaza tangu Jumanne, mnaitika, "Pole." Anaeleza dawa za hospitali zilivyomchafua tumbo, "Pole." Anaeleza jinsi fulani hakuja kumwona, na hapo ile "Pole" inakuwa na uzito wake. Nilipokuwa na huzuni yangu mwenyewe mwaka huo, ambayo haihusu gazeti, wimbo huo ulikuwa unanipa pole kila asubuhi saa mbili unusu nikifungua kazi.

Wa pili ulikuwa Jumamosi, kwa sababu unatembea kama mtu aliyelipwa jana. Wa tatu ni mfupi kuliko yote, dakika tano na nusu hivi, na niliuita Manyunyu. Humo mpiga tarumbeta ameuziba mdomo wa chombo chake, sauti inatoka nyembamba kama uzi namba hamsini. Siku za kwanza nilikuwa nauruka. Sasa ndio ninaousubiri.

Saksafoni zilinisumbua. Kwa muda mrefu nilidhani ni mtu mmoja mwenye tabia mbili. Kuna wakati anacheka akiongea, sauti yake imenona, unaona kabisa ni mtu wa kukaribishwa harusini. Kuna wakati mwingine yuko kama mwanamke anayetafuta ufunguo ndani ya mkoba mlangoni kwake, usiku, anatoa kila kitu, kitambaa, sarafu, risiti, kalamu, anarudisha, anatoa tena. Yule wa mkoba alinichosha. Hata leo kuna siku namwambia kwa sauti, "Si uugeuze tu huo mkoba." Halafu anaupata ufunguo, nami nashusha pumzi.

Wa nne niliuita Kanyagio, na hapo ndipo ninapotaka mwandishi wenu anisikilize yeye. Besi kwenye wimbo huo inarudia maneno yale yale tangu mwanzo hadi mwisho, dakika 11 na nusu, haichoki wala haijionyeshi. Hesabu yake ni sita, tatu kwa tatu. Kanyagio la cherehani nalo lina pande mbili: kisigino, kidole. Moja-mbili-tatu kisigino, nne-tano-sita kidole. Sikupanga. Siku moja nilitazama chini nikakuta mguu umeshaingia kwenye bendi bila kuomba ruhusa, na mshono uliotoka chini ya sindano siku hiyo ulikuwa umenyooka kama umepigwa kwa rula. Fundi akikanyaga kwa pupa uzi hukatika, na akikanyaga kwa uvivu mshono huzaa vifundo. Wimbo huo una mwendo wa katikati ambao mimi hujaribu kuwafundisha wasichana kwa maneno na nashindwa.

Mwezi wa Agosti stima ilipotea wimbo huo ukiwa katikati. Redio ikafa. Cherehani yangu haili stima, kwa hivyo niliendelea, pindo la gauni lilikuwa refu na mwenyewe alikuwa amesema atapita saa kumi. Msichana ninayemfundisha kazi akaniuliza, "Mama, redio si imezima?" Nikamjibu imezima. Akasema, "Mbona bado naisikia?" Kumbe nilikuwa naivumisha ile besi puani, na mguu unaifuata. Tukacheka. Yeye akachukua mkasi na chaki akawa anagonga meza mahali pa matoazi, na tukaenda hivyo hadi pindo likaisha. Stima iliporudi CD ilianza upya kwenye Pole, na ilistahili.

Wa tano niliuita Jioni, na nauogopa. Kila mpigaji anaingia, anakaa mahali pamoja hadi atosheke, anasogea pengine, anakaa tena. Hakuna anayemharakisha. Wimbo huo umewahi kunipitishia sindano kwenye ukucha wa kidole cha shahada; nilikuwa nimesafiri, Mhariri, sikuwepo Kibuye. Tangu siku hiyo ukifika nasimamisha mashine, nashona vifungo kwa mkono au nakunja nguo zilizokwisha. Kazi yangu yote imejipanga hivyo: kupima na kukata kwenye Pole, marinda kwenye Jumamosi, mishono mirefu kwenye Kanyagio, vifungo kwenye Jioni. Mtu anayesikia tu hawezi kupangiwa siku na kitu asichokisikiliza.

Machi 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya korona, na oda za sare zikafa siku moja. Nikashona barakoa kama kila fundi nchini. Vipande viwili, mikunjo mitatu, mpira kila upande. Kanyagio moja ilinitosha barakoa nne. Kafyu ilitufukuza mapema, barabara ikabaki na upepo, na katika ule utulivu nikaanza kusikia vitu ambavyo tuktuk zilikuwa zimenificha mwaka mzima. Yule wa ngoma hakuwa anapiga ngoma sana, alikuwa anafagia. Ana ufagio mdogo juu ya ngozi, shii, shii, kama mtu anayefagia uwanja alfajiri wenye nyumba wakiwa bado wamelala.

Februari 2021 redio ilinyamaza kabisa. Nikampelekea fundi mmoja wa Kondele, akafungua skrubu sita na kuitoa CD, akaishika kwa ncha za vidole akaniuliza, "Mama, hii nitupe?" Nilimnyang'anya. Ilikuwa imeandikwa. Nilisimama hapo barabarani nikiisoma, pikipiki zinanipigia honi. Miles Davis. Kind of Blue. Na majina matano ya nyimbo.

Jina la wimbo wa kwanza ni So What. Binti yangu anasoma chuo Maseno, nikampigia simu kuhakikisha nimeelewa. Akasema, "Ni kama kusema 'Kwani nini?' Mama." Karibu miaka miwili nilikuwa najua wanampa mgonjwa pole, kumbe mgonjwa akieleza mgongo wake wanamjibu, "Kwani nini?" Nilicheka peke yangu hadi fundi akaacha kazi kunitazama. Na bado, Mhariri, nikiusikiliza nasikia pole. Labda inategemea unayempelekea.

Jumamosi yangu jina lake ni Freddie Freeloader, yaani Freddie Mdoezi, na alikuwa mtu wa kweli aliyekuwa akizunguka na wanamuziki hao. Kila mtaa una Freddie. Wetu hufika saa saba kamili, sufuria inapofunuliwa, na huanza kwa kuuliza habari za watoto.

Binti alipokuja likizo akanisomea mengine kwenye simu. La kwanza tulibishana. Akasema, "Hii ni jazi." Nikamwambia jazi gani haina gita? Jazi sisi tunaijua. Ni Victoria Jazz, ni Shirati Jazz ya marehemu D. O. Misiani, ambaye alifariki kwa ajali hapa hapa Kisumu mwaka 2006. Ni OK Jazz ya Franco huko Kongo, na ukivuka mpaka kuna Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe. Jazi ni magita yanayobishana hadi mtu ainuke na kuacha ugali. Huku hakuna gita hata moja. Binti akasema zetu ndizo zilizochukua jina tu, zenyewe ni benga na rumba. Nikamwambia jina ukilivaa miaka hamsini linakuwa lako, kama koti la mtumba. Hakuwa na jibu.

Albamu hiyo ilirekodiwa New York mwaka 1959, kwa siku mbili tu: tarehe 2 Machi na tarehe 22 Aprili, ndani ya jengo ambalo zamani lilikuwa kanisa. Wanaume saba. Yule wa kunona ni Cannonball Adderley. Wa mkoba ni John Coltrane. Besi ni Paul Chambers. Mfagiaji ni Jimmy Cobb, na yeye ndiye aliyebaki hai baada ya wenzake wote, hadi tarehe 24 Mei 2020. Binti aliposoma tarehe hiyo nilimwambia arudie. Mei 2020 nilikuwa hapa hapa kwenye veranda, nashona barakoa, yeye ananifagilia.

Wapiga piano walikuwa wawili. Bill Evans alikuwa ameshaondoka kwenye bendi hiyo, akaitwa arudi kwa ajili ya kurekodi. Wynton Kelly, aliyekuwa amechukua nafasi yake, akaachiwa wimbo mmoja tu, ule wa mdoezi. Hilo wanawake wengi tutalielewa bila kuelezwa: umeolewa, una funguo za nyumba, halafu siku ya wageni wakubwa anaitwa mke aliyeondoka aje apike. Na Kelly, mpeni haki yake, chungu hicho kimoja alikipika vizuri sana.

Evans naye ana kisa. Ule wimbo wangu wa Manyunyu, Blue in Green, alisema yeye ndiye aliyeutunga, lakini santuri ilipotoka iliandikwa jina la Davis. Mashabiki huliona kuwa jambo la kubishania wakinywa chai. Kwa fundi si la chai. Nimewahi kushona magauni kumi ya wasimamizi wa harusi, nikaja kuyaona yakiwa na lebo ya duka ambalo halina hata sindano. Kwa hivyo wimbo huo nikiusikia, ile piano naipa mwenyewe.

Sasa "modali". Binti alinisomea, nikamwomba aeleze kwa lugha ya mtu. Alisema zamani wanamuziki hao walikuwa wanabadilisha kodi za muziki, yaani sauti kadhaa zinazopigwa pamoja, kila mara, mpigaji anakimbizana nazo kama mtu anayevuka barabara kuu, na Davis akataka nyimbo zinazokaa mahali pamoja ili mtu apate nafasi ya kuwaza. Kwenye So What kuna ngazi mbili tu za sauti. Vipimo 16, yaani vipande sawa vya mapigo, kwenye ya kwanza, vipimo vinane nusu sauti juu yake, kisha vinane vya kurudi chini. Mhariri, vipimo ni kazi yangu. Hicho kitu nilikuwa nimeshakijua kwa mguu kabla sijajua jina la mwenye tarumbeta: kuna mahali wimbo unapanda kidogo kama tuktuk kwenye tuta, unakaa juu, unashuka. Nilikuwa nageuza kitambaa hapo. Ilinibidi niambiwe tu kwamba tuta hilo lina jina la Kizungu.

Na kukaa mahali pamoja bila kuchoka si jambo tunalohitaji kufundishwa na New York. Kaeni na mpiga nyatiti kwenye matanga. Ana nyuzi nane, njuga mguuni, pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu anagongea nayo chombo, na kwa maneno yale yale ya nyuzi anawasimulia ukoo mzima hadi alfajiri. Hakuna anayelalamika kwamba kodi ni chache.

Kuna jambo moja alilonisomea ambalo mwandishi wenu hakuligusa, na kwangu ndilo kubwa. Davis mwenyewe, akiwa mtu mzima, alisimulia alichokuwa akikitafuta kwenye albamu hiyo. Alikuwa amewaona wachezaji ngoma wa Guinea, akasikia kalimba, kile kisanduku chenye vibamba vya chuma vinavyobonyezwa kwa vidole gumba, akataka sauti ile iingie kwenye muziki wake. Akachanganya na kumbukumbu ya utotoni huko Arkansas, wakitembea usiku kutoka kanisani na nyimbo zikisikika gizani. Na alisema alikosa. Sauti aliyoitaka hakuipata, na akiwaambia watu hivyo walimwona mwendawazimu.

Mimi simwoni mwendawazimu. Kila gauni zuri nililowahi kushona lilikuwa limekosa kitu ambacho ni mimi tu nilikijua. Mteja anazunguka mbele ya kioo, anafurahi, na mimi naangalia bega la kushoto. Na hiyo njia ya usiku ya kutoka kanisani naijua pia. Utotoni Jumapili nilikuwa nikiwasikia Waisraeli wa Nineveh, waumini wa kanisa letu la huko, wakirudi, kanzu nyeupe, bendera, ngoma, hujawaona bado lakini mlima umeshaanza kuitika. Sasa nikisikiliza Jioni, wimbo ambao jina lake la kweli ni Flamenco Sketches, naisikia ngoma ikitokea Emuhaya, ambako najua vizuri kabisa kwamba haikutoka.

Mwandishi wenu aliandika pia kwamba sikio lililofunzwa halipitwi na kitu. Binti alinisomea kwamba ile siku ya Machi mojawapo ya mashine za kurekodi ilikuwa inazunguka polepole kidogo, kwa hivyo nyimbo tatu za kwanza ziliingia sokoni zikiwa juu kidogo na za haraka kidogo kuliko zilivyopigwa. Ilikuwa 1992 ndipo zilipotolewa upya kwa mwendo wake sawasawa. Miaka 33! Viti vilikaliwa, macho yalifumbwa, na santuri ikaendelea kuuzwa hivyo hivyo. Mkanda wa cherehani ukilegea namna hiyo mimi huujua kabla ya saa sita mchana.

Redio ilipona. Mdomo wake sasa unafunguka na kufunga kwa adabu, na nimeweka CD nyingine, zikiwemo mbili za Franco na moja ya mahubiri ambayo mteja aliniachia badala ya salio lake. Hakuna aliyenilazimisha tena kusikiliza zile tano. Lakini asubuhi saa mbili unusu, kabla ya kutia uzi kwenye sindano, ni Pole kwanza.

Namwalika mwandishi wenu apite Kibuye siku yoyote isipokuwa Jumapili, maana Jumapili hatanipata kwa umati. Aje na suruali inayohitaji kukunjwa miguu. Nitaikunja bure kama itaisha ndani ya Kanyagio. Ikizidi dakika 11 na nusu, atalipa kama wateja wengine, na simu yake anaweza kuiacha ikiwa imewashwa.

Fundi wa veranda,
Kibuye, Kisumu